Ukuta wa Wageni

Fundi Timazi alikuwa na kazi ambayo mwashi mwingine yeyote angeona haya kuitaja mbele ya wakwe zake. Kazi yake ilikuwa kulitunza gofu lisipone.

Gofu lenyewe lilikuwa wodi ya wazazi ya kituo cha afya. Wakati wa vita kombora liliingia upande wa mashariki, likaondoka na ukuta mmoja mzima na nusu ya paa. Vita vikaisha. Watu wakarudi, wakafagia vioo, wakawalilia waliokosekana, kisha wakaanza kujenga. Soko likasimama. Shule ikasimama. Ofisi ya wilaya ndiyo iliyotangulia kusimama kuliko zote, tena ikapakwa rangi mara mbili. Wodi ya wazazi ikabaki vile vile, mdomo wazi.

Wala haikubaki kwa bahati mbaya. Wageni wa kwanza walipokuja na magari yao meupe kutazama pa kusaidia, walitembezwa mji mzima wakitikisa vichwa kwa adabu. Walipofika pale kwenye wodi, mama mmoja miongoni mwao alijishika mdomo, machozi yakamtoka, na kamera nazo zikatoka. Haukupita muda kituo kikapata chumba cha dawa. Wageni wa pili wakaonyeshwa wodi, wakaleta tangi la maji. Wa tatu wakaleta ua wa seng'enge. Mwenyekiti wa kamati ya kituo, mtu mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa maneno, akaiona njia. Akawaita wajumbe, akawaambia, "Jamani, ng'ombe wa maziwa hachinjwi. Hii wodi tuiache kwanza." Wajumbe wakacheka, wakapiga makofi, wakapitisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji ule ukavumbua njia ya tatu ambayo wahenga hawakuiota, yaani kuutunza ufa.

Na ufa nao una ufundi wake. Ukiliachia gofu mvua, litaanguka lote liwe kifusi, na kifusi hakimlizi mtu. Ndipo kamati ikamwita Timazi. Jina hilo, la ile kamba yenye uzito ambayo waashi hupimia wima wa ukuta, alipewa tangu ujana, kwa sababu kuta zake zilisimama wima kama zimening'inizwa kutoka mbinguni. Kila mvua kubwa ilipokaribia alikwenda na panga na ngazi. Aliegemeza magogo pale ukuta uliobaki ulipotaka kuinama. Aling'oa magugu nyufani, maana gofu lenye magugu linaonekana la kale, na jambo la kale halina haraka. Alilipanga upya rundo la matofali yaliyoanguka, ili lionekane limeanguka juzi. Alikuwa hodari, na ujira wake mdogo aliupata bila kuzungushwa.

"Wenzako wanawajengea watu nyumba," mkewe alimtania. "Wewe unalichana gofu nywele."

"Na linapendeza," Timazi alijibu, wakacheka wote wawili.

Walicheka, lakini nyumba ilikuwa na pengo. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, naye alikuwa mkunga. Alisomea kazi hiyo mji mwingine, akarudi na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akakuta wodi haina ukuta. Sista, mkuu wa kituo, alikuwa akizalisha stoo, kitanda kimoja katikati ya maboksi. Mahali pa kusimama mkunga wa pili hapakuwapo. Binti alikwenda wilayani kwa Afisa wa afya, akajibiwa vizuri tu, kwa tabasamu. "Nafasi ipo, dada, tena imetengwa. Wodi ikifunguliwa, kesho yake unaanza. Bila wodi nitakuweka wapi? Juu ya mti?"

Binti alingoja mwaka mzima. Alisaidia sokoni, akafua, akapika, na jioni alikuwa akipita njia ya kituo bila shughuli yoyote ya kumpitisha huko. Mwishowe akapata kazi nchi ya mbali, katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya safari, pale stendi, baba yake alimshika mkono akakataa kuuachia.

"Nenda, mama," alimwambia, kwani binti alirithi jina la mama mzazi wa Timazi. "Siku wodi itakapofunguliwa, nitakuita mimi mwenyewe."

"Kweli utaniita, baba?"

"Nikikuita usiulize mara mbili. Panda ndege uje."

Basi likaondoka. Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma, na tangu siku hiyo Timazi alikuwa mtu wa kungoja. Alimkumbuka binti yake kwa namna ambayo hakuweza kumwambia mtu, hata mkewe. Akisikia kikohozi cha msichana nyuma yake barabarani, aligeuka. Akimwona mtu amebeba begi jekundu akitokea stendi, moyo ulimruka hata kabla ya macho kumwambia kwamba si yeye. Mkewe naye kila mwisho wa wiki alitoa godoro la chumba cha binti nje, akalipiga jua, akalirudisha, akatandika shuka safi, halafu akaufunga mlango.

Binti alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama mtu alijifunga kitambaa kipya kichwani kabla ya kupokea, utadhani anaonekana. Wakasalimiana, wakaulizana afya, wakacheka mambo ya majirani. Halafu binti akaomba apewe baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kazi?"

"Kazi ipo. Leo nimemwogesha bibi mmoja, ananiita jina la mtoto wake aliyekufa. Nami naitika." Akaongeza, "Nawasugua wazazi wa watu migongo, baba. Wewe wako nani anakusugua?"

"Mama yako yupo, anausugua kama sufuria."

Binti akacheka. Kisha akauliza lile alilouliza kila Jumapili. "Na wodi je?"

"Wageni wanakuja mwezi ujao, mama. Safari hii wakubwa."

Kila mara walikuwa wanakuja mwezi ujao, na kila mara safari hii walikuwa wakubwa. Mwanadamu ana kipawa cha ajabu. Anaweza kubeba mambo mawili kichwani miaka na miaka asiyagonganishe. Timazi aliegemeza magogo yake asubuhi, na jioni akakaa kibarazani akiuliza kwa nini mwanawe harudi. Nani angemwambia? Mji mzima ulikuwa kamati.

Wakaja wageni wengine. Mwenyekiti alishatoa maagizo mapema, pasifagiliwe upande wa gofu, na mtu asianike nguo kwenye matofali. Akatoa hotuba yake ile ile, akashusha sauti pale pale pa kushusha. Kijana mmoja wa wageni alimwomba Timazi asimame ndani ya tundu la ukuta ili apigwe picha, tena kwa ishara akamwomba asitabasamu. Timazi akasimama, akanuna kama alivyotakiwa. Alikuwa amezoea.

Lakini palikuwa na mgeni mmoja mtu mzima, mwenye buti zilizochakaa, ambaye hakuwa na kamera. Aligusa gogo lililoegemezwa ukutani, utomvu ukamganda kidoleni. Akauliza jambo, na mkalimani, dada mmoja mpole, akalitafsiri.

"Anauliza, ukuta umevunjika tangu vita, mbona huu mti ni mbichi? Nani anauweka?"

"Ni fundi wetu huyu!" Mwenyekiti alidakia. "Anatuokoa, ukuta usituangukie."

Mgeni akampa Timazi mkono, akauliza kama hufanya hivyo kila mwaka. Kila mwaka, Timazi akajibu. Mgeni akatazama rundo la matofali, akauliza habari za mabati. Mwenyekiti akaanza kukohoa, lakini Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni na glavu zake mkononi, alimwahi.

"Mabati yapo stoo. Yaliletwa na wageni wa nyuma, wakasema yasubiri ukuta. Mimi nazalishia pembeni yake, mama akirusha teke yanapiga kengele."

Watu wakacheka, kicheko cha kutazamana. Mgeni akauliza tena, taratibu, na mkalimani akatafsiri huku akitazama viatu vyake.

"Anauliza, sasa mnangoja nini?"

"Tunawangoja nyinyi!" alisema Mwenyekiti, mikono ameikunjua, uso umejaa ukarimu.

Mgeni hakucheka. Wala tusimfanye mtakatifu, maana yeye na wenzake walilihitaji gofu lile kama mji ulivyolihitaji. Bila picha ya tundu wangerudi kwao waseme walikwenda kufanya nini? Walisema watafikiria, wakapanda magari yao meupe, vumbi likabaki. Watu wakatawanyika wakijadili kama safari hii kutakuwa na jokofu la chanjo.

Timazi alibaki pale akiwa bado ndani ya tundu. Kwa mara ya kwanza alilitazama lile rundo la matofali kama mwashi. Alikuwa akilipanga mwaka hadi mwaka na alijua kila tofali lililokatika na lililo zima. Yalikuwa yanatosha.

Jumapili binti akapiga simu, akauliza lile swali lake.

"Wamesema watafikiria, mama."

Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, "Baba, huku wamenipa mkataba mwingine. Wa miaka mitano. Nikiusaini, ndiyo nimekaa. Nimewaomba wanipe hadi mwisho wa mwezi ujao. Nilitaka nijue kama..." Hakumaliza. "Basi, baba. Usijali. Watafikiria."

Jioni ile Timazi hakula. Mkewe alimwuliza kulikoni, akamweleza. Mkewe hakulia. Alikunja kitambaa chake kipya, akakiweka juu ya meza, akasema, "Wewe ni mwashi au si mwashi?"

Kesho yake asubuhi Timazi alikwenda kituoni na mwiko, kamba, ndoo na pima maji. Akaanza kulibomoa rundo lake zuri, akichagua matofali. Ilipofika saa nne mji wote ulishajua, na Mwenyekiti alikuja nusu anakimbia.

"Timazi! We mzima kweli? Wageni wamesema watafikiria!"

"Wafikirie. Mimi najenga."

"Utatukatia mrija, ndugu yangu! Unajua kituo hiki kimepata nini kwa ukuta huo? Dawa, maji, ua! Nani alileta? Mimi? Serikali? Ni huo ukuta!" Na tusimwonee Mwenyekiti, alikuwa akisema kweli. Alitoka jasho kweli kweli, na sehemu ya jasho lile ilikuwa ya kuupenda mji wake. "Jeraha likipona, Timazi, nani atakuletea dawa?"

Timazi akaweka tofali chini. Alikuwa mtu wa mzaha, watu wakangoja mzaha.

"Mwenyekiti, kaka yangu, huo mrija wako umeninyonyea mtoto. Namtaka mwanangu. Basi."

Mwenyekiti akajifuta jasho. Akaondoka akisema ataitisha kikao. Akakiitisha, wajumbe hawakutimia, kwa sababu seremala, ambaye ni mjumbe, alikuwa kwenye wodi akipima fremu za madirisha, na mama muuza mitumba, ambaye naye ni mjumbe, alikuwa akipita sokoni kibanda hadi kibanda na kikapu, akiomba simenti. "Mimi nilijifungulia kwenye maboksi," alimwambia kila mtu. "Mwanangu alama ya boksi anayo hadi leo." Hiyo ilikuwa chumvi, lakini mifuko ya simenti ilipatikana.

Afisa wa afya alikuja na pikipiki kuona kuna nini. Alizunguka jengo akitafuta kitu asikione.

"Ubao wa mradi uko wapi?" aliuliza.

"Hakuna ubao," Sista akajibu.

"Mradi wa nani sasa? Mradi lazima uwe na mwenyewe."

Sista akamwonyesha mama mjamzito aliyekuwa amekaa kivulini akipepea miguu iliyovimba. "Mwenyewe huyo. Muulize."

Afisa akacheka, akavua kofia, akakuna kichwa. Timazi alishuka kwenye ngazi, akamsogelea, mikono imejaa udongo.

"Mheshimiwa, ulisema nafasi ya mkunga ipo. Bado ipo?"

"Ipo. Hakuna aliyeijaza, ingejazwa wapi? Nyinyi fungueni, nitapitisha mwenyewe."

Timazi akarudi juu ya ngazi. Ukuta ulipanda. Mwashi akirudia kazi yake baada ya miaka ya kuikwepa, mikono inakuwa na njaa, na watu waliompitia walisema alikuwa akiongea peke yake huku akipanga matofali. Alikuwa akiongea na binti. Alimwambia hapa ndipo kitakapokaa kitanda chako cha kwanza, hapa dirisha, upate mwanga wa asubuhi, mkunga lazima aone rangi ya mtoto.

Lakini kwenye simu hakumwambia. Jumapili zilikuja, binti akapiga, wakaulizana afya. Cha ajabu, hakuuliza tena habari za wodi, na Timazi, badala ya kushtuka, alishukuru. Alitaka ampe kitu kizima.

"Mwambie!" mkewe alimnong'oneza akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Mwambie unajenga!"

"Nikimwambia sasa nitakuwa Mwenyekiti mwingine. Mtoto ameshiba ahadi. Acha paa lipande, acha Afisa atamke, ndipo nimwite."

Kenchi za kubeba paa zilikaa sawa. Mabati yakatoka stoo, yakapanda. Habari zikaja kwamba magari meupe yamekwenda mji wa jirani, ambako daraja lilikuwa limevunjika vizuri zaidi, na kwamba jokofu la chanjo limekwenda huko huko. Mwenyekiti alikuja mpaka mlangoni akasema, "Umeona?" Timazi akasema, "Nimeona." Ilimwuma, kwa sababu watoto wangeendelea kupelekwa mbali kuchanjwa, na hilo halikuwa jambo dogo. Akarudi kupaka lipu.

Siku ya kufungua, Mwenyekiti ndiye aliyetoa hotuba. Alisema tangu mwanzo kamati yake iliamini katika kujitegemea. Watu waliguna, wakacheka, wakampigia makofi, maana funika kombe mwanaharamu apite. Afisa akatangaza nafasi ya mkunga mbele ya watu wote. Sista aliingiza kitanda cha kwanza yeye mwenyewe, akakaa juu yake, akalia kama mtoto.

Timazi hakungoja Jumapili. Alikwenda nyumbani na nguo za lipu, akamwambia mkewe apige namba. Mwisho wa mwezi aliouomba binti ulikuwa haujafika, siku zake zilikuwa bado zipo.

"Baba? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama yako huyu hapa, mzima. Mama, nakuita."

"Unaniita wapi?"

"Nyumbani. Wodi imefunguliwa leo. Afisa ametamka mbele ya watu, nafasi ni yako. Nilikwambia nitakuita mimi mwenyewe. Nakuita."

Binti alipiga kelele ya furaha, ile kelele yake ya utotoni, na Timazi akafumba macho. Kisha binti akacheka, kisha maswali yakafuatana.

"Wageni wamejenga? Wale wakubwa?"

"Hapana. Nimejenga mimi. Na watu. Kwa matofali yale yale."

"Yale yale yaliyoanguka?"

"Yale yale. Mabati yalikuwa stoo."

"Mmechukua muda gani, baba?"

Timazi alijibu kabla hajafikiri, kwa majivuno ya fundi. "Hata mwezi haukwisha!"

Akacheka, akimngoja binti naye acheke.

"Hata mwezi," binti alisema polepole. "Baba, mimi nilisaini. Nilisaini kesho yake, ile Jumatatu. Uliposema watafikiria, nilijua. Nikasema nimngoje nani tena?"

Jumatatu ile ile alipokuwa akichagua matofali. Timazi akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Hawawezi kuufuta, mama? Ukiwaeleza?"

"Hauvunjwi, baba. Miaka mitano." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Mbona hukuniambia unajenga? Ile wiki ya kwanza tu, ungesema tofali moja. Na mbona hamkujenga tangu mwanzo, kama ni kazi ya hata mwezi?"

Angeweza kutaja vita. Angeweza kumtaja Mwenyekiti, Afisa, wilaya, magari meupe, na katika yote hayo asingesema uongo.

"Tulikuwa tunangoja," alisema.

"Mimi pia, baba."

Wakakaa hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akilia na kujifanya halii. Kisha binti akajikaza, kama wauguzi wanavyojikaza, akachangamsha sauti kwa ajili ya baba yake.

"Nitakuja likizo. Mwakani wakinipa ruhusa, nitakuja wiki mbili, unionyeshe wodi. Nitaipiga picha."

"Karibu, mama," alisema Timazi. "Karibu sana."

Mkewe, aliyekuwa amesimama karibu akisubiri zamu yake ya simu, akageuka akamtazama. Mtoto wa nyumba haambiwi karibu.